Geuza Karatasi Kwanza, Ndege Baadaye

Kasuku wangu wa kwanza nilimnunua kando ya mto Seine, hapa Paris, kwa euro 15. Muuzaji aliniapia kuwa ni chapa, yaani picha iliyochapwa, ya miaka ya 1820, imetolewa kwenye kitabu cha safari ya meli. Nyekundu imekolea, jicho linakufuata popote unapokaa. Nikamfunga kwenye gazeti, nikampeleka karakana ya fremu ninayofanyia kazi, nikamwekea fundi mkuu wetu mezani. Mzee hakumtazama ndege. Aligeuza karatasi, akaipitishia kidole pembeni, akanirudishia. "Bango la ukutani," akasema, akaendelea na chai yake.

Ni miaka 14 sasa. Tangu siku ile kila chapa inayofika mikononi mwangu huigeuza kwanza, na ndege humwacha mwisho, kwa sababu ndege ndiye anayetongoza.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Fremu nilijifunza kwa mjomba. Tulikuwa tukitia vioo Ayatul Kursiyu, picha za harusi na vyeti vya shule. Huku nilikuja kwa mambo mengine, ufundi ukanifuata. Siku hizi jamaa na marafiki walioko Ulaya na Ghuba hunitumia picha za simu: "Dada, nimeona ndege wa zamani sokoni, nimchukue?" Nimechoka kujibu mmojammoja. Yote haya hapa.

Tujue kwanza tunachonunua. Kabla ya kamera, meli za utafiti zilibeba madaktari wa kukusanya viumbe na wachoraji wa kuvichora. Ndege alipigwa risasi, akachunwa, ngozi ikatiwa dawa na kufungwa sandukuni. Miaka ikapita, ngozi ikafika Paris, mchoraji akaipaka rangi za maji kwenye karatasi, mchongaji akauhamishia mchoro ule kwenye bamba la shaba, mchapaji akachapa, na watia rangi wakamalizia kwa brashi. Chukua meli ya La Coquille, iliyoizunguka dunia kati ya 1822 na 1825 chini ya nahodha Duperrey. Ndani yake alikuwamo mtaalamu wa viumbe René Primevère Lesson, ambaye mwaka 1824 aliwaona ndege wa peponi wakiwa hai kwenye misitu ya New Guinea. Kabla yake, Ulaya iliwajua kwa ngozi za biashara zilizokatwa miguu, na walikuwapo watu walioamini kabisa kwamba ndege hao hawatui. Hata jina la kisayansi la mmoja wao, alilopewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, maana yake ni "asiye na miguu". Ndipo ukaona thamani ya bamba la shaba lenye ndege wa peponi aliyeshika tawi kwa kucha zake. Meli ileile baadaye ikabatizwa jina jipya, Astrolabe, ikaondoka tena mwaka 1826 na nahodha Dumont d'Urville. Ukikuta chapa mbili, moja ya Coquille na moja ya Astrolabe, usidhani ni meli mbili.

Sasa kazi. Vifaa ni vichache: kioo cha kukuzia mara kumi, kama kile cha sonara, tochi, na taa ndogo ya urujuanimno, ile wenye maduka wanayoangazia noti bandia. Glovu za pamba acha. Zinapoteza hisi ya vidole na zinakwaruza kingo. Nawa mikono, kausha, basi.

Geuza karatasi. Karatasi ya miaka ile ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, kwa hiyo hata ikizeeka haivunjiki kama papa mkavu. Ina uzito wa kitambaa. Ukiitikisa kidogo inatoa sauti nzito, si ule mchakacho mwembamba wa karatasi ya ofisini. Karatasi ya mbao, iliyoenea katika nusu ya pili ya karne ya 19, huwa ya kahawia kingoni na hukatika ukiikunja. Halafu washa taa ya urujuanimno mahali penye giza. Karatasi nyingi za kisasa zimetiwa dawa ya kung'arisha, dawa iliyoenea baada ya Vita Vikuu vya Pili, nayo hung'aa buluu-nyeupe kama kanzu iliyotiwa buluu ya kufulia. Karatasi ya kale hubaki imepooza, rangi ya malai. Ikimulika, rudisha. Isipomulika, bado hujamaliza, kwa kuwa zipo karatasi mpya za pamba zisizo na dawa hiyo.

Kuna watakaokwambia uinue karatasi kwenye mwanga utafute mistari ya ungo, alama za chujio la waya lililotengenezea karatasi. Ni kweli kwa karatasi nyingi za zamani, lakini chapa za safari za Wafaransa baada ya 1800 mara nyingi zilichapwa kwenye karatasi laini isiyo na mistari hiyo. Usiitupe chapa nzuri kwa kuikosa. Alama ya maji nayo ikiwepo ni neema. Kitabu kikubwa cha msafara wa Napoleon wa Misri, Description de l'Égypte, kilichoanza kutoka 1809, kilichapwa toleo la kwanza kwenye karatasi yenye maneno "Égypte ancienne et moderne" ndani yake. Mara ya kwanza nilipoyaona maneno hayo yakijitokeza nyuma ya mwewe wa Misri, nilimwita kila mtu karakanani aje aangalie.

Baada ya karatasi ni kidole. Hapa inabidi uelewe shaba inavyofanya kazi. Mchongaji alichimba mistari ndani ya bamba kwa chuma chenye ncha kali. Mchapaji akalisiriba bamba zima wino, akaufuta wa juu, ukabaki wa ndani ya mifereji tu. Karatasi ikaloweshwa, ikalazwa juu ya bamba, vikapitishwa pamoja kati ya rola nzito. Karatasi laini ikazama mferejini kufuata wino wake. Mambo mawili yakatokea: ukingo wa bamba ukaacha kipeto, yaani mbonyeo wa mstatili, kuzunguka picha, na wino ukasimama juu ya karatasi kama uzi wa kudarizi. Fumba macho, pitisha kidole kutoka pambizo kuelekea picha. Utakiona kipeto kwa kidole kabla ya jicho. Kisha pitisha ukucha, taratibu sana, kwenye herufi za jina la ndege.

Angalia lakini. Walio wajanja hukandamiza kipeto cha uongo kwa bamba tupu juu ya picha ya mashine. Na kinyume chake, chapa halisi iliyokatwa kingo ili iingie kwenye fremu ya mtu inaweza kukosa kipeto kabisa. Ndiyo maana hatuishii hapo.

Kioo cha kukuzia ndicho hakimu. Mweke ndege chini yake, si kichwa, bali bawa au tumbo penye rangi iliyofifia. Ukiona vidoti vidogo vya buluu, waridi, njano na vyeusi vimejipanga kama maua, hiyo ni mashine ya karne ya 20 au ya baadaye, hakuna cha kujadili. Kasuku wangu alikuwa maua matupu. Chapa ya shaba inaonyesha mistari inayoanza nyembamba, ikanenepa, ikaisha kwa ncha kama mkia wa panya. Rangi ya mkono imelala juu ya mistari hiyo kama ziwa dogo, na mahali fulani utaona brashi imekiuka mpaka, kwa sababu mtia rangi alilipwa kwa wingi wa karatasi na alikuwa na haraka.

Wafaransa walikuwa na mtindo mwingine unaowachanganya wengi. Mchapaji alipaka bamba lilelile wino za rangi mbalimbali kwa vifundo vya kitambaa, kijani bawani, nyekundu kifuani, akachapa mara moja, na palipopungua pakajazwa kwa brashi. Hapo kwenye kioo huoni mistari mingi, unaona nukta za mchongaji, kila moja na rangi yake mwenyewe. Nukta hizo hazikujipanga kimashine. Zinafuata manyoya, hapa zimesongamana, pale zimetawanyika. Ukishaziona mara moja huzisahau.

Chapa za namna hiyo ndizo za François Levaillant, msafiri na mkusanya ndege, aliyezunguka pande za Rasi, Afrika Kusini, kati ya 1781 na 1784, kisha akatoa majuzuu sita ya ndege wa Afrika yenye chapa 300. Nampenda na simwamini. Yeye ndiye aliyempa yule ndege mzuri wa mgongo wa kijani na tumbo jekundu jina la Narina, mwanamwali wa Kikhoikhoi, na kekeo mmoja akampa jina la Klaas, mtumishi wake wa Kikhoikhoi. Majina yote mawili yapo hadi leo katika vitabu vya ndege. Narina tunaye kwetu, msitu wa Arabuko-Sokoke, mwendo mfupi kutoka Malindi. Lakini mwaka 1857 Sundevall, Msweden mtaalamu wa ndege, alipopitia orodha ya Levaillant alikuta baadhi ya ndege hawatoki Afrika Kusini kabisa, na wengine wameungwa kwa manyoya ya ndege tofauti. Kwa hiyo chapa inaweza kuwa ya kweli na ndege akawa wa uongo. Bei haishuki kwa hilo.

Soma maandishi ya chini. Kushoto huwa jina la mchoraji likifuatwa na "del." au "pinx.", kulia jina la mchongaji na "sculp." au "sc.", na mchapaji hufuatwa na "imp." Juu huandikwa jina la safari, tawi la elimu na namba ya bamba. Chapa nyingi za ndege wa Coquille zina jina la Prêtre aliyechora na Coutant aliyechonga. Ukiona "lith." ujue si shaba, ni chapa ya jiwe, ufundi aliobuni Senefelder kule Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Jiwe halina kipeto cha kina namna ile, na chini ya kioo mistari yake ina chembechembe kama chaki ubaoni. Si kasoro. Tena anayetaka ndege wa kwetu atazoea jiwe, kwa sababu Wazungu walipoanza kuingia bara kutoka Zanzibar na Mombasa, shaba ilikuwa inaondoka sokoni. Baron von der Decken, msafiri wa Kijerumani, alijaribu kupanda Kilimanjaro mapema miaka ya 1860, akauawa Bardera, Somalia, kwenye mto Juba mwaka 1865, na juzuu la ndege wa safari zake, kazi ya Finsch na Hartlaub, wataalamu wa ndege, likatoka 1870 na chapa za jiwe. Mmoja wa hondohondo unaowaona Tsavo, ambaye dume lake lina mdomo mwekundu, amebeba jina lake.

Sasa mtego ninaouheshimu. Mabamba ya shaba hayafi. Ya kile kitabu cha Misri yamehifadhiwa na jumba la makumbusho la Louvre, na huweza kuchapwa tena, kazi halali, yenye muhuri wa kukandamizwa usio na wino pembezoni. Kipeto kipo, wino umesimama, mistari ni ileile, na karatasi ni ya juzi. Muuzaji akisema "imetoka kwenye bamba la asili" hajadanganya. Muulize: imechapwa lini?

Halafu rangi. Chapa nyingi zilitoka bila rangi, na kuna watu leo wanaozitia rangi mezani kwao ili bei ipande. Tafuta doa la zamani, yale madoadoa ya kahawia kama madoa ya uso wa mzee, mahali linapokutana na rangi. Kama doa limetokeza juu ya rangi, rangi ni nzee. Kama rangi imelala juu ya doa na kulifunika, mtia rangi alikuja baada ya doa. Kisha geuza tena. Kijani cha zamani kilichotengenezwa kwa shaba huila karatasi polepole, kikaacha kivuli cha kahawia upande wa nyuma chenye umbo lilelile la bawa. Nikiona bawa la kahawia mgongoni mwa karatasi huwa natabasamu.

La mwisho kabla ya kulipa: ukingo wa kushoto. Matundu ya uzi au mabaki ya gundi yanaonyesha karatasi ilikuwa ndani ya kitabu. Vitabu hivi vinavunjwa na kuuzwa karatasi moja moja, biashara isiyonifurahisha ingawa inanilisha. Ukikuta muhuri wa maktaba, uliza kama upo na muhuri wa kuondolewa maktabani. Pakiwa na muhuri uliokwaruzwa, au mraba mdogo wa karatasi mpya nyuma, weka chini na uondoke. Hujui imeibwa wapi.

Bei sitakutajia, zinabadilika, na ndege mwenyewe ana bei yake. Ndege wa peponi, kasuku na bundi hupanda. Kuku-maji wa kijivu hakuna anayemgombea, na ndipo ninaponunua mimi. Chapa ninayoitamani siwezi kuimudu katika hali nzuri. Ni ya emu, iliyochorwa na Lesueur wa msafara wa nahodha Baudin uliokwenda Australia mwaka 1800, ikatoka kwenye atlasi ya 1807: dume na jike na vifaranga vyao. Hao ni emu wadogo wa visiwani, waliokwisha kabisa. Wa mwisho alikufa hapahapa Paris, bustani ya Jardin des Plantes, mwaka 1822. Nikitoka kazini napita hapo, na chapa ile ni kati ya machache yaliyobaki ya sura zao.

Umeshanunua, usiharibu. Usiisafishe mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nililamba kipande cha pamba, nikagusa doa dogo karibu na kifua cha chozi. Nyekundu ikatiririka hadi mkiani kabla sijainua mkono. Rangi za maji zina subira ya miaka 200 na hazina subira ya mate.

Selotepu ni haramu. Gundi ya chupa vilevile. Chapa huning'inizwa kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani, upande wa juu tu, kama nguo kwenye kamba, ili ipumue. Gundi yake ni uji. Chukua wanga wa ngano, si unga wa ngano. Unga una utomvu unaogeuka njano na kuwaita wadudu. Kijiko kimoja cha wanga kwa vijiko vinne au vitano vya maji. Loweka, weka moto mdogo, koroga bila kuondoka kwa dakika 20 hivi. Utaanza kama maziwa, utakuwa mzito, kisha utapoteza weupe na kuvutika mwikoni. Uache upoe, uchuje mara mbili kwa chujio la chai, uzimue kwa matone ya maji hadi ulainike kama malai. Vipande vya karatasi usivikate kwa mkasi. Chora mstari kwa brashi yenye maji, vuta, vichanike viwe na nyuzinyuzi kingoni. Nyuzi hizo zinashika bila kuacha alama upande wa mbele. Siku ya kuitoa, unyevu kidogo tu na vimeachia.

Kadi ya nyuma na ile yenye dirisha inayozunguka picha ziwe za pamba, zisizo na tindikali. Wenye maduka watakupa kadi ya bei nafuu yenye moyo wa njano, na kwa miaka kumi itaiunguza chapa yako mstari wa kahawia kufuata dirisha. Urahisi huvunja upishi. Kadi hiyo ya mbele si pambo tu. Kazi yake kubwa ni kuizuia karatasi isiguse kioo. Mteja mmoja aliniletea chapa iliyokaa Nyali miaka sita bila kadi. Ilikuwa imenata kwenye kioo, na nilipoitenganisha nusu ya kichwa cha hondohondo ilibaki upande wa kioo.

Kwetu pwani adui ni unyevu kuliko jua, ingawa jua nalo halisamehi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70 kwa muda, kuvu huota, tena nyuma, usikoona. Usitundike ukuta wa nje wala ukuta wa bafu. Bandika vijipande vya kizibo kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. AC inayowashwa usiku na kuzimwa mchana ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana karatasi inavimba na kusinyaa kila siku. Kioo cha kuzuia urujuanimno kinasaidia, lakini hakifanyi rangi ziishi milele. Makumbusho huonyesha chapa miezi michache, kisha huirudisha gizani ipumzike. Mama yangu anazo mbili, na huzibadilisha kila baada ya Ramadhani, moja ukutani, moja kabatini ndani ya foronya safi ya pamba. Kila mara hufungua nyuma akague kama kuna wadudu, akanipigia simu kunipa ripoti.

Kasuku wa euro 15 sikumtupa. Yuko jikoni kwangu juu ya sinki, mvuke unampiga kila siku. Wino wa mashine huanza kufa kwa njano na waridi, kwa hiyo ile nyekundu yote imekwenda na sasa ni kasuku wa buluu. Wageni wakija humsifia yeye kuliko chapa zangu zote za sebuleni, wakaniuliza ni wa nchi gani.